Gamele ya umeme kazini: muda, maji kidogo, na chakula kinachoifaa

Gamele ya umeme, yaani boksi la kubebea chakula linalokipasha kwa umeme, ina moto mdogo. Mtu akishalishika hilo moja, mengine yote yanamnyookea. Wengi hununua gamele, wakaichomeka saa sita kamili njaa ikiwa imeshawabana, wakangoja robo saa, halafu wakafunua na kukuta sombe (majani ya muhogo) ya uvuguvugu pembeni na bukari (ugali) baridi katikati. Hapo wanasema wameuziwa kitu kibovu, na gamele inaenda kulala juu ya kabati. Gamele haina kosa. Inataka ichomekwe mapema, inataka maji kidogo, na inataka chakula kilichopikwa kikaiva na kutunzwa vizuri tangu jana yake.

Mimi ninashika hesabu katika depo ya malori hapa Lubumbashi, upande wa barabara ya Likasi. Ofisi yetu ni kontena iliyotobolewa madirisha, na nyuma yake iko atelye (karakana) ya mafundi. Kantini hatuna. Wamama wanaouza chakula wako mbali, na mvua ya Januari ikishika hawatoki. Kabla ya gamele hizi kuenea, watu walimaliza mchana kwa bitumbula (vitumbua) na chai ya sukari nyingi, na huku nyumbani sufuria ina mboga nzuri iliyobaki. Wengine walipasha chakula kwenye mbabula, jiko la makala (makaa), nyuma ya atelye. Ikifika Juni na Julai, baridi ya asubuhi inapouma, kuna waliotaka kuiingiza mbabula ndani ya kontena na kufunga mlango. Hilo nilikataa na nitaendelea kukataa. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haionekani, na katika chumba kilichofungwa inaua mtu akidhani anasinzia tu. Nilianza kuwaelekeza wenzangu kwenye gamele ya umeme kwa sababu hiyo kwanza, na utamu wa chakula ukafuata.

Kununua

Sokoni utakuta aina tatu. Ya kwanza ni boksi la plastiki lenye mkono wa kubebea, ndani lina trei ya chuma kisichoshika kutu, na chini ya trei kuna sahani inayopata moto. Hii huwa na wati 40 hivi, nyingine 60 au 80. Ya pili ni ya mvuke: unamwaga kipimo cha maji chini, unapanga vibakuli juu, na maji yakichemka mvuke ndio unaopasha. Hiyo ina wati 200 hadi 300. Ya tatu ni begi la kitambaa lenye sahani bapa ndani. Unaweka bakuli lako mwenyewe juu yake na kufunga zipu.

Kwa mtu anayepanda taksibasi kutoka Katuba au Ruashi, boksi ameliweka mapajani, mimi namshauri ile ya kwanza. Ni nyepesi na haidai maji. Ya mvuke ni nzuri sana kwa wali na inapasha haraka, lakini iache ofisini, uwe unaleta chakula tu. Begi ni zuri kwa mwenye bakuli la kioo la chini bapa. Ukiweka bakuli la chini duara haligusani na sahani, na joto halipandi.

Kabla ya kulipa, geuza chombo usome karatasi iliyobandikwa chini. Iandikwe volti 220 au 220 hadi 240. Ikiwa imeandikwa 110 peke yake, ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama Marekani, na prizi yetu (soketi ya ukutani) itaiunguza. Kisha tazama kichwa cha waya. Bidhaa nyingi zinatufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na baadhi zina kichwa cha miguu mitatu bapa kama prizi za Zambia, na prizi za kwetu zinataka miguu miwili ya duara. Nunua adapta inayobana. Adapta iliyolegea inacheza ndani ya prizi, inatoa cheche, inapata moto, na plastiki inaanza kuyeyuka. Na yeyote atakayekuambia ukate kichwa uchomeke nyaya tupu kwa kuzishikiza na njiti ya kiberiti, msimsikilize, hata akiwa fundi wa umeme.

Halafu fungua kifuniko. Trei lazima itoke, maana ile isiyotoka huwezi kuiosha. Mpira wa kifuniko ukae vizuri kwenye mfereji wake pande zote nne. Juu ya kifuniko pawe na tundu dogo lenye kizibo cha mpira cha kutolea mvuke. Mimina maji kidogo, funga, ligeuze kichwa chini pale pale mbele ya muuzaji uone kama linavuja. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakasirika.

Hesabu ya muda

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitaenda polepole.

Gamele ya wati 40 inatoa jouli 40 za joto kila sekunde. Chukua chakula chenye majimaji, gramu 600, kutoka joto la nyuzi 20 hadi nyuzi 70. Kinahitaji takriban jouli 105,000. Gawanya kwa 40, kisha kwa 60: unapata karibu dakika 44, tena hapo tumejifanya hakuna joto lolote linalopotea. Chakula kikitoka kwenye frigo kikiwa na nyuzi 5, hesabu inafika dakika 57. Na joto linapotea kweli: linapita kwenye plastiki, linatoka na mvuke, halafu bukari iliyoshikana hairuhusu joto lipenye upesi hadi katikati. Ndiyo maana mimi huwapa watu saa moja na nusu kwa chakula kisichokuwa baridi sana, na saa mbili kamili kwa kilichotoka frigo. Sisi tunakula saa sita na nusu. Gamele yangu inaingia kwenye prizi saa nne na nusu asubuhi, nimeweka kengele kwenye simu.

Yenye wati 80 inakata muda huo karibu nusu. Ya mvuke ya wati 300, nusu saa inatosha.

Usijaribu kufidia haraka kwa kujaza trei hadi mdomoni. Chakula cha kina kirefu kinapata moto chini na kubaki baridi juu. Kisambaze, kiache nafasi ya vidole viwili chini ya kifuniko. Katikati ya muda fungua, koroga mboga, geuza bukari, funga tena.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa maofisi ya mjini huenda hawalijui, na sisi tunaoishi na mafundi tunalijua sana: nguvu ya umeme wenyewe. Mezani kwangu kuna stabilizateri ya kompyuta, kifaa cha kutuliza umeme, yenye mshale unaoonyesha volti. Fundi wa kuchomelea akigusisha fimbo yake kwenye shasi ya lori, taa ya kontena inafifia, na mshale unaanguka kutoka 220 hadi karibu 160, unapanda, unaanguka tena, kwa mwendo ule ule wa mkono wake. Joto la waya wa kupashia halishuki kwa kiasi kile kile ambacho volti imeshuka, linashuka zaidi. Volti zikiwa 160 badala ya 220, waya wa kawaida unatoa nusu ya joto lake na ushei mdogo tu. Kwa hiyo siku ya kuchomelea shasi nzima, muda wako wa saa mbili hautoshi. Kijana yule wa kuchomelea sasa ananipitia asubuhi dirishani: «Yaya, leo ninaanza saa nne, chomeka mapema.» Na mimi ninatangaza kwa wengine.

Juu ya malipo ya umeme, mwajiri asiogope. Wati 40 kwa saa mbili ni kilowati-saa 0.08. Siku kumi na mbili za kazi hazifikishi hata kilowati-saa moja kamili. Birika moja la umeme la wati 2,000 lina nguvu ya gamele hamsini. Ukienda kuomba ruhusa ya kuchomeka, nenda na hesabu hiyo. Mimi ndivyo nilivyompelekea mkubwa wetu, akasaini siku ile ile.

Chakula kinaanzia jana yake

Ninaomba msomaji asiruke sehemu hii, hata kama amechoka na maelezo. Tumbo la mtu linaharibika hapa, wala si kwenye prizi.

Vijidudu vinavyoharibu chakula vinazaliana vizuri kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la chumba, na kinapopashwa kifike nyuzi 70 au zaidi, hadi katikati. Sasa jiulize safari ya chakula chako. Umepakia saa kumi na mbili asubuhi, umefika kazini saa moja na nusu, utachomeka saa nne na nusu. Hizo ni saa nne na nusu njiani na mezani. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, ndani ya kontena ya bati, saa hizo ni nyingi mno.

Kuna njia mbili zilizo salama. Ya kwanza ni ya baridi: chakula kilale ndani ya frigo usiku, kitoke asubuhi kikiwa baridi kabisa, kisafiri ndani ya mfuko mmoja na chupa ndogo ya maji yaliyoganda, na kazini kiingie kwenye frigo kama ipo. Kama haipo, chupa ile ibaki imekishikilia mpaka saa ya kuchomeka. Ya pili ni ya moto: mwenye nyumba isiyo na frigo, au mtaa ambao umeme umekatika usiku kucha, apike alfajiri, achemshe vizuri, amwage chakula kikiwa kinatokota ndani ya chupa ya kutunzia joto ambayo ameishaisuuza kwa maji ya moto. Saa sita chakula kitakuwa bado cha moto, na gamele haitahitajika kabisa. Mboga iliyolala nje usiku kucha mezani, hata ikiwa haijanuka, usiitie ndani ya gamele.

Wengine wanadhani wakichomeka tangu saa moja na nusu asubuhi watakuwa wamelimaliza tatizo. Ikiwa gamele yako inafika juu ya nyuzi 60 na kubaki hapo, chakula hakitaharibika, ila kitakauka na kushika chini. Ikiwa ni dhaifu na inabaki kwenye uvuguvugu wa nyuzi 40 au 45, umewatandikia vijidudu kitanda cha asubuhi nzima. Baridi kabisa au moto kabisa. Uvuguvugu uwe ni wa kupita tu.

Wali unataka uangalifu wa peke yake. Kuna bakteria iitwayo Bacillus cereus ambayo mbegu zake zinavumilia kupikwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku, mbegu hizo zinaamka na kutoa sumu, na sumu ile ya kutapisha haiondoki hata ukipasha wali mpaka utoe mvuke. Kwa hiyo wali wa kesho utoe sufuriani mara tu mnapomaliza kula, usambaze kwenye sahani pana upoe upesi, na ndani ya saa moja uwe umeingia frigo.

Tena gamele haipiki. Haina moto wa kupikia. Usiweke maharagi yaliyolowekwa ukidhani yataiva taratibu: maharagi mekundu yana sumu ambayo mchemko mkali tu ndio unaiondoa, na moto wa chini hauiondoi. Usiweke sombe ambayo haijachemka ya kutosha. Majani ya muhogo yana sayanidi, na kutwanga pamoja na kuchemsha kwa muda mrefu ndiko kunakoitoa. Kuku mbichi, mayai mabichi, samaki mbichi, vyote vibaki jikoni. Wale wafanyabiashara wanaoonyesha picha ya yai bichi ndani ya gamele ndogo ya wati 40 hawawatakii mema.

Kujua kama chakula kimefika, kipimajoto cha jikoni ni bora. Kichomeke katikati ya donge nene kuliko yote. Kama huna, koroga mpaka chini, na mvuke uonekane ukitoka katikati, sio pembeni tu. Kijiko ulichozamisha katikati ukikigusisha mdomoni kiwe kinakulazimisha kupuliza.

Bukari, sombe na vingine

Bukari ndiyo inayowashinda wengi. Ikipoa, wanga wake unakaza na kusukuma maji nje, ndiyo maana asubuhi unaikuta ina ganda gumu na matone ya maji chini ya bakuli. Ukiirudishia joto na maji kwa pamoja inalainika tena. Ukiirudishia joto peke yake inazidi kuwa jiwe.

Mimi nafanya hivi. Usiku, bukari ikiwa bado ya vuguvugu, siiachi iwe donge. Naikandamiza na mwiko uliolowa maji iwe bapa, unene wa kidole kimoja, naifunika ili uso wake usikauke, na kuiingiza frigo. Asubuhi naikata vipande vinavyoenea kwenye trei. Mboga yenye mchuzi inakaa chini, juu ya chuma chenye moto. Vipande vya bukari vinakaa juu yake, na kila kipande nakinyunyizia maji kwa vidole. Mboga ikipata moto, mvuke wake unapanda na kuingia kwenye bukari. Nikifika nusu ya muda nageuza vipande. Saa sita na nusu bukari inakubali kufinywa na kuchovywa, na ladha ya mboga imeshaigusa upande mmoja. Wasiopenda bukari iguse mboga watafute trei yenye vyumba viwili, wamwagie vijiko viwili vya maji kwenye chumba cha bukari kabla ya kufunga.

Sombe ni mboga iliyoumbwa kwa ajili ya gamele. Ina mafuta ya mawese, ina majimaji, haisumbuki kupashwa, na wengi tunakubaliana kwamba ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza. Matembele na lengalenga (mchicha) pia ni sawa, ila yakikaa sana kwenye moto yanabadilika rangi; yakishapata moto hadi katikati, yatoe. Maharagi yaongezee vijiko vitatu vya maji, maana mchuzi wake unakaza usiku.

Wali unataka kijiko kimoja kikubwa cha maji kwa kila bakuli, na uutawanye kwa uma kabla. Viazi vya kukaanga, usihangaike. Vitakuwa laini, vimelowa, havina raha. Viazi vya kuchemsha ndani ya mchuzi vinakubali. Nyama ya kuchoma inakakamaa, nyama ya mchuzi inazidi kulainika. Kachumbari na parachichi visafiri kwenye kikopo chao pembeni.

Samaki nimemwacha mwisho. Thomson ya kukaanga ukiipasha na nyanya na kitunguu inapendeza, na harufu yake inavumilika. Bitoyo, samaki wakavu wa chumvi, ni habari nyingine. Ninawapenda bitoyo wa Kasenga, nimekulia kwao, lakini kontena moja yenye watu sita na bitoyo mmoja kwenye gamele kwa saa mbili inatia wageni aibu, na harufu inabaki kwenye mafaili. Tulikubaliana hivi: mwenye bitoyo anachomeka kwenye prizi ya atelye, karibu na mlango mkubwa. Hakuna aliyezuiwa kula chakula cha kwao, na ofisi inabaki ofisi. Ninashauri kila mahali pa kazi wakae wakubaliane mapema namna hiyo, kabla watu hawajaanza kununiana.

Na kila mara, kabla ya kuchomeka, fungua kile kizibo kidogo cha mvuke. Ukikisahau, mvuke unabana, kifuniko kinagoma kufunguka, na kikiachia ghafla mchuzi wa moto unakurukia mikononi.

Ralonji moja, gamele nyingi

Gamele sita za wati 40 ni wati 240, hazifikii hata pasi ya umeme. Ralonji nzuri (waya wa kurefushia umeme wenye matundu mengi) inazibeba bila shida. Balaa linakuja pale mtu anapoongeza birika la wati 2,000 kwenye ralonji hiyo hiyo, kwa sababu birika peke yake linavuta ampea 9. Ralonji zenye waya mwembamba zinapata moto kimyakimya. Ishike kwa kiganja baada ya nusu saa: ikiwa ya moto, toa kitu. Ikunjue yote, isikae imeviringwa, isipite chini ya zulia wala kwenye maji ya kuoshea vipuri. Ya ofisini kwetu imetundikwa ukutani kwa misumari ya waya, juu ya kimo cha ndoo.

Kwa mashofere

Gamele nyingi zinauzwa na waya wa pili wa kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Hapo uwe macho: gari dogo lina volti 12, lori lina volti 24. Waya wa kupashia uliotengenezwa kwa volti 12, ukiupa 24, unapokea nguvu mara nne, na utanusa plastiki kabla hujatoka mjini. Soma maandishi chini ya gamele. Ziko zinazokubali 12 na 24 zote mbili, na ziko zisizokubali.

Gamele ya wati 40 kwenye volti 24 inavuta chini ya ampea 2. Kwenye volti 12, zaidi kidogo ya 3. Fyuzi ya tundu la kiberiti inaibeba. Anayeenda Likasi, kilometa 120 hivi, achomeke wakati anawasha injini, na atakapofika atakuta chakula kiko tayari. Anayekwenda Kolwezi achomeke akishapita Likasi. Kwenye foleni ya Kasumbalesa, injini ikiwa imezimwa, saa mbili za gamele zinakula wati-saa 80. Betri nzima na changa za lori hazitashtuka. Betri zilizochoka zitakuaibisha wakati foleni inasogea, kwa hiyo papa shofere mwenye betri za zamani awashe injini kwanza, au ale kilichomo kwenye chupa ya kutunzia joto. Gamele ikae sakafuni upande wa abiria, imebanwa, isiwe juu ya dashibodi. Breki moja ya ghafla na mchuzi wa moto uko miguuni mwako kwenye pedali.

Umeme ukikatika

Delestaji, mgao wa umeme, haitangazi. Umeme ukikatika chakula kikiwa kimeshapata moto, usifungue kifuniko. Kifunge kitambaa kinene au koti, kitashikilia joto kwa muda. Ukikatika mapema, kabla chakula hakijafika popote, na hujui utarudi lini, kirudishe kwenye ubaridi, au ule mapema. Kikikaa uvuguvugu zaidi ya saa mbili, kimwage.

Usichomeke gamele kwenye UPS ya kompyuta, yaani kile kiboksi cha betri ya akiba. Watu wanaona taa yake inawaka wakadhani wamepata umeme. UPS ndogo nyingi zina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye makaratasi. Gamele inataka 80 kwa saa mbili. Utaimaliza betri yote, chakula hakitafika, na hesabu za mwezi zitazimika zikiwa hazijahifadhiwa. Betri kubwa ya sola ya ampea-saa 100 pamoja na inveta yake ni jambo jingine: hiyo inabeba gamele kadhaa za wati 40 bila kulalamika. Ya mvuke ya wati 300 ingoje jenereta.

Kuosha

Chomoa kwanza, acha ipoe. Trei na kifuniko vioshwe kwa maji ya moto na sabuni siku ile ile, maana mafuta ya mawese yakilala hadi kesho yanapaka rangi ya machungwa ambayo haitoki kwenye plastiki. Boksi lenye umeme halizamishwi majini kamwe. Lifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo, na tundu la waya likauke kabisa kabla ya kuchomeka tena. Ukipeleka nyumbani, lisafiri kifuniko kikiwa wazi kidogo ndani ya mfuko, harufu isijifungie. Maji ya ndimu yaliyoachwa ndani ya trei usiku mmoja yanaondoa harufu ya samaki. Kwenye ile ya mvuke, utaona ukoko mweupe wa chokaa chini. Siki kidogo na maji ya moto vitautoa.

Mpira wa kifuniko utoe kwa ncha ya kijiko mara moja kwa juma, uoshe na mfereji wake, kwa sababu hapo ndipo ukungu mweusi unapojificha. Mpira ukilegea au kukatika, usiuzibe kwa silikoni ya injini. Ninalisema kwa sababu niko kwenye depo ya malori, tyubu hizo zimejaa kwenye rafu, na mafundi wanazo mkononi muda wote. Silikoni ile ni ya kuzuia oili ya gari, haikutengenezwa kugusana na chakula cha moto. Tafuta mpira mwingine wa kipimo hicho, hata kwa kuutoa kwenye gamele iliyokufa, na mpaka utakapoupata, mchuzi usafiri kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, uumimine kwenye trei ukishafika kazini.